Sahihi ya Msibani

Lugano hakupiga hodi. Aliusukuma mlango wa karakana kwa bega, akaruka vikapu vya simu zilizokuwa zikisubiri kutengenezwa, akaiweka simu yake juu ya meza ya dada yake kama mtu anayerudisha sufuria ya jirani baada ya ugomvi.

"Nimekuletea mali yako," alisema.

Tusekile alizima kifaa cha kuchomelea. Alimjua mdogo wake vizuri. Akifoka, hasira itapita kabla chai haijapoa. Akiongea taratibu, ujue pana jambo. Na leo alikuwa anaongea taratibu mno.

"Nimekukosea nini, mdogo wangu?"

"Watu wa bima wamenipigia asubuhi. Kile kisauti chao chenye adabu. Wamenipa pole ya nyonga na mgongo, wakanitakia nafuu, halafu wakaniambia kuanzia leo wameniondoa." Lugano alimeza mate. "Nyonga, dada. Na mgongo. Hospitali sijaenda. Shuleni sijamwambia mtu, nafundisha nimesimama huku nauma meno. Niliyemwambia ni wewe peke yako, kwa simu hii hii, uliyonipa kwa mkono wako ukaniapia kwamba haina masikio."

"Lugano, mimi? Niwaambie mimi?"

"Tulikuwa wawili kwenye maongezi yale. Mimi sikusema. Sasa niambie wewe nani alisema."

Tusekile aliigeuza ile simu mezani.

"Mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe," Lugano alisema. "Mama alituimbia mpaka tukauchoka. Afadhali hayupo." Akageuka, akatoka akichechemea kidogo upande wa kushoto, jambo ambalo alijitahidi sana lisionekane.

Lugano alizaliwa na selimundu, ugonjwa ule wa damu. Bila bima, dripu yake ya kila mwezi ingekuwa kitu cha kusikia kwa watu. Na kwa macho yake, aliyemkata kamba alikuwa dada yake mwenyewe.

*

Miaka hiyo pale Mbeya, kama kwingine kote, mgonjwa alijificha kwanza mbele ya simu, halafu ndio mbele ya jirani. Simu za dukani zilisoma pumzi. Pumu ziliijua kabla mwenyewe hajakohoa, na maumivu ziliyasikia katika namna mtu anavyosema "sijambo". Zilichosikia kiliuzwa, na wanunuzi wa mbele kabisa walikuwa kampuni za bima. Ridhaa uliitoa siku uliponunua, kwa kubonyeza palipoandikwa "endelea", na nani ananunua simu asiendelee? Ndipo ikazuka kazi ya wasemaji wa kukodi. Walikaa nje ya zahanati, watu wenye mapafu mazima; ulimnong'oneza mmoja shida yako, naye akampigia mama yako akamweleza kwa sauti nyororo kwamba mwanawe yu taabani.

Simu iitwayo Songwe, kama ile ya Lugano, iliundwa ili watu wasifike huko. Ndani yake mlikuwa na Linux, mfumo ule wa zamani usiomilikiwa na mtu, ambao yeyote anaruhusiwa kuusoma, kuurekebisha na kuugawa. Kundi la Kusomeana, la akina Tusekile, lililokutana katika karakana hiyo nyuma ya soko la Mwanjelwa, liliuchukua likautia kwenye simu. Kuutia ni neno jepesi; kazi yenyewe iliwatoa kamasi. Kamera iliwapaka watu wote ukijani, bibi harusi na mchungaji wake wakaonekana wametoka kula majani. Programu za benki ziligoma kufunguka, zikidai muhuri wa kampuni. Lakini ugonjwa wenyewe hasa ulikuwa usingizi.

Linux ilikulia kwenye mashine zinazokaa mezani na kunyonya umeme wa ukutani. Simu inaishi mfukoni. Haina budi kulala fofofo ili betri ifike jioni, na humo humo usingizini isikie ikiitwa. Anayesikia ni modemu, kompyuta ndogo ndani ya simu inayozungumza na minara; ikisikia wito, humgusa mkubwa wake aamke. Namna ya kumgusa ilikuwa siri ya Vokari, kampuni iliyotengeneza modemu, na Vokari hawakuwahi kumwambia mtu. Kusomeana walikisia miaka na miaka. Mara simu iliamka, mara ikakoroma. Watumiaji waliipa jina la Mlalaji, wakaicheka, wakaendelea kuibeba, maana hiyo angalau ililala kweli bila kusikiliza.

Halafu, mwanzoni mwa kiangazi, Ambwene, mwalimu wao, akapata dawa ya usingizi huo. Sasisho likapelekwa kwa kila mtumiaji na simu zikaanza kuamka, kila wito, bila kukosa. Watu walipigiana hovyo hovyo kwa furaha tu ya kusikia zikiita. Mama Andulile, mwenyekiti wa chama cha wagonjwa, alileta kuku wawili karakana nzima ikala.

Tusekile aliichukua simu ya Lugano akaifungia ndani ya kasha la shaba, lile wanalotumia kupimia mawimbi. Mshale wa kipimo ulikaa chini. Simu ilikuwa imelala. Akaisomea bei za viazi za gulio la Uyole, mshale haukutikisika. Akaiimbia pambio moja la kwaya. Kimya.

Kisha akafumba macho, akamkumbuka mdogo wake usiku wa utotoni wakilala kitanda kimoja, akaguna kama Lugano anavyoguna maumivu yanapompanda. "Nyonga inaniuma, dada," alisema kwa sauti ile.

Mshale ukapanda, ukakaa juu kitambo, ukashuka. Simu ilikuwa imepeleka kitu mahali, na kioo chake kilikuwa cheusi vile vile.

Alirudia mpaka akajichukia. Kila alipoguna, mshale ulipanda.

*

Kilichofanya hivyo hakikuwa kigumu kukipata. Ndani ya sasisho la kiangazi, pembeni ya msimbo wa programu unaosomeka, palikuwa na donge moja la tarakimu na herufi zisizosomeka, kiendeshi cha modemu, yaani programu ya kuiendesha, kilichofungwa na Vokari wenyewe. Mwandishi: Ambwene. Chini yake sahihi ya pili, ya aliyesoma na kuridhika: Tusekile.

Aliitazama sahihi yake mwenyewe, akaisoma tena.

Kwa Kusomeana hakuna aliyeingiza msimbo wake mwenyewe. Uliandika, mwenzako akausoma kwa sauti mbele ya chai na maandazi, mstari kwa mstari, kama wosia. Alipokwama ulieleza. Akiridhika, aliweka dole gumba na sahihi ikakaa. *Kisichosomeka hakiingii*: maneno hayo yaliandikwa kwa chaki juu ya mlango wa karakana, na aliyeyaandika ni Ambwene, aliyewafundisha wote, Tusekile akiwa wa kwanza.

Na mwanafunzi huyo wa kwanza alikumbuka vizuri siku aliyotia dole lake bila kusoma. Ilikuwa kwenye matanga ya mama yake Ambwene, huko Uyole. Yeye alikuwa nyuma ya nyumba na wanawake wenzake akimenya ndizi za wafiwa. Ambwene alimjia, macho mekundu, shuka begani, akamnyooshea simu.

"Nisaidie sahihi, Tuse. Ni kitu kidogo cha kuziamsha. Sitaki kisubiri tena."

Mfiwa hahojiwi. Ukimwambia mtu aliye matangani "kwanza nisomee", utakuwa umelelewa na nani? Tusekile alinyoosha dole gumba. Utomvu wa ndizi ulikuwa umemganda kidoleni na simu ikamkataa. Akajifuta kwenye kanga, ikamkataa tena. Akasugua kidole kwa majivu ya jikoni mpaka ngozi ikawa nyekundu, ndipo ikakubali, naye akamwambia, "Pole sana, kaka," akarudi kwenye ndizi zake.

*

Alimkuta Ambwene nyumbani kwa marehemu, kwenye ua, akichagua viazi vya mbegu. Alikuwa amehamia pale tangu mazishi. Alipomwona Tusekile na simu ya Lugano mkononi, alikiweka kiazi chini polepole.

"Kiendeshi kile ulikitoa wapi?" Hata salamu hakutoa.

"Kwa mtu wa Vokari. Nilimwomba."

"Akakupa bure?"

"Bure."

"Hukujiuliza kwa nini?"

"Nilijiuliza, Tuse." Ambwene alifuta udongo viganjani. "Halafu nikaacha kujiuliza."

"Kinasikiliza. Lugano wamemtoa kwenye bima. Anaamini ni mimi niliyemsema. Ananiita mimi msaliti, kaka. Mimi!"

Ambwene aliinama. Alipoongea tena, alikuwa anaviambia viazi.

"Mama aliteleza bafuni mchana, humu humu nyumbani. Alinipigia. Akapumzika, akapiga tena. Simu ilikuwa mezani karibu na mkono wangu, imelala, nami nimekaa naandika msimbo wa kuiamsha. Nikawa najisemea, leo mama ametulia, hana shida. Jirani aliyemkuta alisema simu ilikuwa bado sikioni mwake." Alichukua kiazi kingine. "Nilikuwa nimemkataza kununua simu ya dukani. Nilimwambia, mama, yangu ndiyo salama."

Tusekile alihisi huruma, akaikasirikia. Hakuja kumhurumia.

"Ungetuambia. Ungekileta mezani tukakitazama wote."

"Mngekikataa."

"Ndiyo, tungekikataa."

"Basi ndiyo maana."

"Na kwa nini mimi? Kwa nini siku ile, na mikono yangu imejaa ndizi za msiba wako?"

Ambwene angeweza kudanganya, na pengine Tusekile angeshukuru.

"Kwa sababu siku nyingine yoyote ungesoma," alisema.

Tusekile aliketi juu ya ukingo wa karo. Alimlilia yule mama kwa machozi yake ya kweli. Alilala chini na wafiwa, akapika, akaosha vyombo vya watu asiowajua. Na wakati wote huo huyu mtu, aliyemfundisha kusoma, alikuwa ameutazama ustaarabu wake akauona ni mlango usio na komeo.

"Jumamosi uje karakana," alisema akiinuka. "Watumiaji watakuwepo. Utakuja utusomee."

"Hakisomeki, Tuse. Unajua."

"Utakisoma hivyo hivyo."

*

Walijaa mpaka kwenye korido. Wa selimundu, wa figo, wa moyo, wenye kifua. Simu zote zilikuwa ndani ya ndoo yenye mfuniko nje ya mlango, kama zamani. Mama Andulile alikaa mbele, mkoba magotini.

Tusekile aliwaeleza yote, ya kiendeshi na ya majivu jikoni. Alimaliza haraka. Kisha akaliwasha lile donge likatandazwa ukutani, safu kwa safu, na kumwonyesha Ambwene mahali pa kusimama.

Ambwene alikohoa. "Saba," alianza. "Efu. Sifuri. Tisa. Tisa. Efu. Nne. Sifuri. Sifuri..."

Watu walisikiliza kwa adabu, wakidhani ni utangulizi. Safu ya kwanza ikaisha, akaingia ya pili. Mtoto mgongoni kwa mama yake akaanza kulia, akatolewa nje. Safu ya tatu.

"Mwanangu," Mama Andulile alimkatiza kwa upole, "hayo yanasema nini?"

"Sijui, mama."

"Nani anajua?"

"Walioyaandika."

"Nawe ndiye uliyetuwekea?"

"Ndiyo, mama."

"Haya. Endelea kutusomea."

Aliendelea mpaka sauti ikamkwama, na hata hapo hakuna aliyemwambia aketi. Tusekile alikuwa amengoja kwa hamu kumwona mtu huyu akiaibika mbele ya watu. Sasa alimwona, wala hakupata nafuu yoyote.

Aliyeinuka ni Mzee Mwakipesile, fundi cherehani mwenye moyo mbovu. "Nyie wasomi mna maneno. Simu inaniamsha, haiamshi? Bima mimi walishanifukuza zamani. Wanisikilize mpaka wachoke, watasikia cherehani. Daktari wangu akinipigia nataka nipokee. Mimi niachieni."

Sauti kadhaa zilimuunga mkono, na hazikuwa chache.

"Mzee wangu," Tusekile alisema, "simu yako haikusikii wewe tu. Inamsikia na anayekupigia. Akikupigia mgonjwa mwenzako akakueleza kifua chake, umemuuza na hukujua. Lugano hana bima leo, na aliyemuuza ni simu iliyoonekana imelala."

"Na akinipigia mwanangu kwamba nyumba inaungua?"

Tusekile aliangalia nyuso zile, moja moja, akijaribu kuona ni nani kati yao angekuwa wa kwanza kufa kwa simu iliyolala. Mkono wa kufuta ulikuwa wake; sahihi iliyoingiza ni yake na kwa sheria yao yeye ndiye wa kuitengua.

Aliandika amri ya kukiondoa kiendeshi, fupi, na mwenzao mmoja akaisoma kwa sauti kuanzia herufi ya kwanza hadi ya mwisho. Ambwene alikuwa amenyoosha mkono kutaka kuwa ndiye msomaji.

"Wewe hapana," Tusekile alimwambia.

Amri ikapelekwa kwa kila simu, ya Tusekile ikiwemo. Watu walipoanza kutoka, wengine wakimshukuru, wengine wakimpita kama nguzo, Ambwene alisimama karibu naye. "Atakayepiga asipokelewe," aliuliza, bila ukali, "utamwambiaje?"

Tusekile alijifanya anakunja nyaya.

Mama Andulile ndiye wa mwisho kuondoka. Aliichukua simu ya Lugano, iliyokwisha kusafishwa, akaitia kwenye mkoba. "Mdogo wako ni jirani yangu. Nitampelekea, nami nitamweleza kwa mdomo wangu mimi, wewe hatakusikia. Bima nitakwenda kupiga nayo kelele ofisini kwao. Akilainika, atakupigia. Wewe ngoja."

"Ndaga, mama," Tusekile alimshukuru.

*

Siku ya pili yake Tusekile alingoja. Aliitia simu mfuko wa mbele wa koti ili asiikose. Alitengeneza vioo viwili, akakosea kimoja. Mama Andulile alipita saa ya chai na habari njema: Lugano ameipokea simu, amesikiliza yote, amelia kidogo, amesema atapiga.

Hakupiga. Adhuhuri ikapita. Tusekile alijiambia kwamba jeraha kama lile haliponi kwa siku moja. Alasiri ilipoingia alianza kukasirika: ameambiwa ukweli wote na mtu mzima, bado ananuna? Kisha akajionea haya kwa hasira hiyo. Anasahihisha daftari, alisema moyoni, au amepumzika. Ametulia tu, hana shida.

Maneno yale yalipomfikia masikioni, alikuwa ameshasimama. Yalikuwa ya Ambwene, siku ya mama yake.

Alikimbia. Alikata katikati ya soko, akakanyaga nyanya za watu, akatukanwa, akapanda kilima cha nyumba za walimu koti likimpiga mapajani. Mlango wa Lugano ulikuwa umerudishiwa tu.

Lugano alikuwa sakafuni kati ya kitanda na meza, amejikunja kwa upande, uso wa rangi ya majivu, midomo imempasuka. Simu ilikuwa mkononi mwake. Aliinua macho, na yalichukua muda kumtambua aliyeingia.

"Nimekupigia," alisema. "Tangu asubuhi, dada. Nimekupigia."

Tusekile aliipapasa simu yake mfukoni, akaitoa. Ilikuwa na chaji. Ilikuwa nzima, safi, kila mstari ndani yake umesomwa na binadamu. Kioo kilikuwa cheusi.

"Ilikuwa imelala," alisema.

Lugano aliiachia simu yake sakafuni. "Nilidhani hutaki kupokea," alisema. "Nikasema, sawa. Hata mimi nisingepokea."

Tusekile alipiga magoti, akamgeuzia mgongo kama walivyokuwa wakifanya utotoni njia ya kisimani, akaivuta mikono ya mdogo wake shingoni mwake na kuinuka naye kwenda hospitali. Alikuwa mwepesi mno kwa mwalimu mzima. Kila hatua ya kuteremka kilima ilimtoa Lugano mguno ule ule, karibu kabisa na sikio, na hakuna mashine yoyote duniani iliyousikia isipokuwa dada yake.